Sidii Zilizofukuza Kunguru

Dada yangu hajapata kuigusa mashine mbovu kabla ya kumhoji mwenye mashine. Katika miaka yote niliyomwona akifanya kazi hiyo, sijui mtu aliyehojiwa kwa ukali kuliko mimi, Ijumaa moja asubuhi, nyumbani kwa mama, kule Sidab, Omani, nikiwa mtu mzima na ndevu zangu, mbele ya kompyuta niliyoiharibu kwa mikono yangu mwenyewe.

Yeye ndiye kifungua mimba, mimi ndiye kitinda mimba, na katikati yetu wako wengine wanne ambao hawamo katika habari hii. Miaka ya tisini, nilipokuwa bado shuleni, kitu cha thamani kuliko vyote nyumbani kwetu kilikuwa redio ya kanda. Redio hiyo ndiyo iliyokuwa posta yetu. Mama aliondoka Zanzibar akiwa bibi harusi, akamwacha huko dada yake mkubwa, na tangu hapo walionana mara moja tu, mwanzoni mwa miaka hiyo ya tisini, mama alipokwenda kwa wiki tatu. Siku nyingine zote walizungumza kwa kanda. Mama mkubwa alikaa kwake Pemba, akabonyeza, akajaza upande mzima: nani kaoa, nani kafa, karafuu za mwaka huu zimekuwaje, kuku wake kaibwa na anamshuku nani. Kanda ikakabidhiwa msafiri, ikafika kwetu imefungwa ndani ya khanga. Mama aliisikiliza mara tatu na kila mara alicheka mahali palepale, kisha akageuza upande wa pili akamjibu.

Siku moja redio iliitafuna kanda kabla mama hajaisikia. Sote tulipiga kelele, mama akaketi chini. Dada, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa shule, alichukua bisibisi ya cherehani na daftari lake la hesabu, akatandika mkeka, akaifungua redio, na kila skrubu aliyoitoa aliichora daftarini mahali pake. Utepe aliuchomoa taratibu, akaunyoosha juu ya goti kwa kitambaa, akaurudisha ndani kwa kuzungusha penseli. Alianza adhuhuri, akamaliza alasiri. Sauti ya mama mkubwa ilirudi, ikiwa na mahali pamoja tu panapozama na kuibuka. Baba alimtazama binti yake, akasema kuwa huyu atasoma mpaka achoke mwenyewe.

Akasoma ufundi. Miaka michache baadaye alikuwa mwanamke pekee katika karakana ya kiwanda kimoja huko Rusayl, na abaya yake na viatu vya kazi vyenye chuma mbele. Kompyuta zilipoingia kiwandani alikabidhiwa yeye, kwa sababu moja tu: alikuwa mtu pekee aliyesoma kijitabu cha maelezo mpaka ukurasa wa mwisho. Daftari hakuliacha. Kila hitilafu aliiandikia ukurasa wake: kilichokutwa, kilichobadilishwa, kilichorudishwa. Kiwandani walimcheka mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili wakawa wanakuja kuliazima.

Mimi nilikuwa karani katika bohari ya vipuri vya magari, lakini mtaani nilijulikana kama daktari wa kompyuta. Cheo hicho nilijipa mwenyewe. Mtu akilalamika kwamba kompyuta yake imekuwa nzito, nilifika na mfuko wangu wa sidii, nikafuta kila kitu, nikaweka upya, nikanywa chai nikaondoka. Wagonjwa wangu wengi walipona. Waliopoteza picha za harusi hawakuniita tena.

Intaneti ya kasi ilipofika Sidab tulikuwa wa kwanza kuunganishwa kwenye kichochoro chetu, na nilihakikisha kichochoro kizima kinajua. Kompyuta niliiweka chumbani kwa mama. Haikuwa na kadi ya mtandao, yaani ule ubao mdogo unaochomekwa ndani ya kasha ili upokee waya wa intaneti, basi nikaenda madukani Ruwi nikanunua iliyokuwa rahisi kuliko zote. Ilikuwa ndani ya kiboksi cheupe kisicho na jina, pamoja na sidii moja. Niliichomeka kadi, nikaweka programu iliyokuwa ndani ya sidii, mambo yakaenda. Sidii nikaiweka kando na kuisahau.

Sasa nije kwenye uzito wa Ijumaa ile. Mama mkubwa alikuwa na presha ya macho. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kabisa. La kushoto liliona vitu vilivyo karibu na pua tu, na kila mwezi lilipungua. Binti yake, ambaye ni mwalimu, alimvusha kutoka Pemba mpaka Unguja kwa daktari, na daktari hakuficha: kilichopotea hakirudi, na kilichobaki hakitakaa. Mama mkubwa alipiga simu kwetu siku hiyohiyo. Hakulia. Alisema, "Nnataka kumwona mdogo wangu kabla taa hii haijazimika. Kusikia nshamsikia sana."

Kusafiri mama hakuweza, kwa sababu ya moyo wake. Daktari alikwishamkataza ndege. Ndipo mimi na yule binti tukapanga. Mjini Unguja kulikuwa na duka la intaneti lenye kamera, na mimi nilinunua kamera ndogo ya kuweka juu ya kioo cha kompyuta. Tulijaribu mara moja, yeye kule mimi huku, picha ikaja. Tukaweka miadi: Ijumaa saa kumi alasiri kwa saa za Maskati, saa tisa kwa saa zao. Jumamosi asubuhi mama mkubwa angepanda boti kurudi Pemba, na kule kwao siku hizo hapakuwa na kitu cha namna hiyo.

Mtu mwenye akili angeiacha kompyuta ile ilivyo na kuifunika kitambaa mpaka Ijumaa. Mimi sikuridhika. Picha ilikuwa inakwamakwama, na kazini mwenzangu mmoja alisifia mfumo mpya wa kompyuta ulivyo laini. Nikasema moyoni, mama mkubwa amebakiwa na jicho moja, basi angalau lipate picha nzuri. Alhamisi, ambayo siku hizo ilikuwa siku yetu ya kwanza ya mapumziko, niliweka mfumo mpya. Kompyuta ikawaka na rangi nzuri na mlima wa majani mabichi. Intaneti haikuwepo.

Nilizima nikawasha. Nilichomoa nikachomeka. Halafu nikafanya jambo ambalo sitamficha msomaji, ingawa dada nilimficha. Nyuma ya ruta, kile kiboksi kinacholeta intaneti kutoka kwenye waya wa simu, kuna tundu dogo. Nilichukua pini ya mtandio wa mama nikalibonyeza, nikalishikilia, kwa kuwa nilipata kusikia kwamba ndivyo ruta inavyoamshwa. Taa zote zilizima, zikawaka tena. Hapakubadilika kitu ambacho mimi ningeweza kukiona. Pini nikairudisha mahali pake na sikumwambia mtu.

Usiku nikampigia dada simu, naye akafika Ijumaa saa tatu asubuhi kutoka kwake Azaiba. Nyumbani kwake hakuwa na kompyuta. Alisema anaziona za kutosha kiwandani. Alimbusu mama mkono, akavua abaya, akavuta kiti, akafungua daftari. Kibodi hakuigusa.

"Mara ya mwisho kufanya kazi lini?"

"Jana asubuhi."

"Ukafanya nini?"

"Nikaweka mfumo mpya."

"Kwa nini?"

Nikasema picha ilikuwa inakwama. Akaandika.

"Halafu ukafanya nini jengine?"

"Basi. Nikazima nikawasha."

"Hukugusa kitu chengine?"

"Sikugusa, dada."

Akanitazama kidogo, akaandika. Nilihisi masikio yanawaka, lakini kinywa kilikwishasema.

Kisha akaanza, na hapo ndipo ninapotaka kumsifu bila kupunguza, kwa sababu niliyoyaona siku ile sijayasahau. Alikuwa anabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Alichomoa waya wa mtandao, akaweka mwingine aliokuja nao, akatazama taa ndogo nyuma ya kasha: inawaka. Akaurudisha waya wa kwanza palepale: inawaka. Akaandika kwamba waya ni mzima, kadi ina uhai. Mimi katika saa moja ya jana nilibadilisha vitu sita kwa pamoja, na hata kama ingepona nisingejua nini kimeiponya. Alikwenda kwenye orodha ya vifaa vilivyomo ndani ya kompyuta. Kamera ilitambuliwa vizuri. Kwenye kadi ya mtandao palikuwa na alama ya njano.

Mama alikuwa amesimama mlangoni muda wote na sahani ya vitumbua. "Imekufa?" akauliza.

"Haijafa, mama. Kadi nzima kabisa. Huu mfumo mpya ndio haujui kusema nayo."

"Basi mtafutieni mkalimani."

Dada akacheka. Mkalimani huyo ndiye hasa aliyetakiwa: programu ndogo iitwayo draiva, inayouwezesha mfumo kuelewana na kadi. Mfumo wa zamani ulipewa draiva yake kwenye ile sidii ya Ruwi, na mimi nilipoufuta niliifuta pamoja nao. Draiva ingepatikana kwenye intaneti kwa dakika tano, lakini intaneti ndiyo tuliyokuwa hatuna. Kununua kadi nyingine haikuwezekana, kwa sababu Ijumaa maduka ya Ruwi, hata ya intaneti, hayafunguliwi mpaka baada ya alasiri. Kiwanda chake kilikuwa kimefungwa. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa nne na nusu.

Alifungua kasha, akaichomoa kadi, akaibeba dirishani. Namba ya kadi huwa imeandikwa mgongoni mwa chipu yake, na muuza duka alikuwa amebandika karatasi yake ya dhamana juu ya chipu hiyo. Dada alidondosha mafuta ya nazi ya mama, tone moja, akangoja, akaibandua kwa ukucha bila kukwaruza. Akaisoma namba mara mbili, akaiandika, akaisoma tena.

"Kadi hii ilikuja na sidii," akasema. "Iko wapi?"

Niliinua macho nikatazama dari.

Itabidi nieleze. Mama alikuwa anaanika papa juu ya paa la nyumba yetu, ambalo ni bapa kama mapaa yote ya Sidab. Alimkata vipande virefu, akamtia chumvi, akamtundika kwenye kamba. Papa huyo hakuwa wa kuuza wala wa kula sisi. Kila mwaka alikuwa wa mama mkubwa, aliyesema papa wa Pemba siku hizi hana ladha. Kunguru nao walimpenda. Wakati huo kila nyumba yenye mti wa matunda au samaki wa kuanika ilitundika sidii kuukuu zikawa zinazunguka na kumetameta, kunguru wakaogopa. Mama aliniomba sidii nisizozihitaji. Mimi, daktari wa kompyuta, nilimpa mfuko mzima bila kutazama ndani.

"Umeitundika draiva," dada akasema polepole.

"Mie ndiye niliyezitundika," mama akaingilia. "Na kunguru wamepungua."

Tulipanda juu sote watatu. Jua lilikuwa kali tayari. Sidii zilining'inia kwenye nyuzi za rangi za mama, zikigeuka kwa upepo wa baharini, na papa chini yake akitoa harufu yake. Maandishi ya juu yalikuwa yameliwa na jua. Nyingine zilikuwa nyeupe kabisa. Mama alitupa sharti moja, kwamba tuzitoe lakini tuzirudishe, papa wake hajakauka. Sisi tukikata nyuzi, yeye alishika ufagio wa makuti akawa anawafukuza kunguru waliokwishaona mlango uko wazi. Ndiye mtu aliyekuwa na cha kupoteza kuliko sote mchana ule, na alikuwa analinda kipande cha samaki cha mtu ambaye huenda asingemwona. Nilitaka kumwomba radhi pale pale, nikaona aibu mbele ya dada.

Dada hakuhangaika na maandishi ya juu. Alizielekeza sidii juani moja moja na kusoma herufi ndogo sana zilizochorwa kuzunguka tundu, ambazo mimi sikuwahi kujua kama zipo. Za nyimbo aliziweka upande mmoja, za magazeti ya kompyuta upande mwingine. Ya kumi na nne ilikuwa na namba. Alifungua daftari akalinganisha tarakimu kwa tarakimu, kidole kimoja kwenye sidii na kimoja kwenye karatasi. Zilikuwa ni zilezile. Nikashangilia, akaniambia nisishangilie kitu kilichopigwa na jua la mwaka mzima.

Aliiosha kwa sabuni ya vyombo. Nilimwomba anipe niikaushe, nikaanza kuizungusha kitambaa kama ninavyofuta sahani, akanipiga mkono.

"Toka katikati uje nje. Ukiikwaruza kwa kuzunguka ndo umeimaliza."

Akanieleza, huku anaifuta mwenyewe, kwamba sidii huandikwa kuanzia karibu na tundu kwenda ukingoni, na kwa kuwa hii haikuwa na vitu vingi, vyote viko katikati. Jua na chumvi vimekula zaidi ukingoni. "Inshallah pamebaki pa kutosha," akasema.

Kompyuta iliimeza sidii, ikaunguruma, ikaitema. Akaipaka dawa ya meno nyeupe, akaisugua taratibu kutoka katikati, akaosha tena. Ikaunguruma zaidi, ikaonyesha majina ya mafaili, ikagoma kuyanakili. Nilikwenda kusali Ijumaa nikiwa nimekata tamaa, na sijui nilisikia nini katika khutba. Niliporudi nilimkuta ameshasali, amekaa palepale, mbele yake daftari lenye mistari mifupi iliyofuatana. Kila jaribio alikuwa ameliandika: limefika wapi, limekwama wapi, amebadilisha nini. Jaribio la tisa lilikuwa limenakili faili zote isipokuwa moja. Jaribio la kumi na moja lilikuwa na neno moja tu, "Zote".

Mimi ningekuwa nimeivunja sidii ile kwa goti kwenye jaribio la tatu. Nasema kweli, nilimwonea dada yangu fahari mpaka ikauma, na ndani ya fahari hiyo mlikuwa na wivu, na ndani ya wivu ile pini ya mama.

Mama alitulazimisha kula. Baada ya chakula dada aliketi tena. Kwenye sidii palikuwa na draiva za mifumo kadhaa ya zamani, ila si ya mfumo wetu mpya. Alichagua iliyotengenezwa kwa ajili ya mfumo uliotangulia wa maofisini, ambao alisema huu mpya umejengwa juu yake. Kompyuta ikatoa onyo refu kwamba draiva hii haijapimwa na inaweza kuleta madhara. Mimi nisingelisoma, vidole vyangu vimezoea kubonyeza ndiyo. Yeye alilisoma lote, akarudia.

"Wanasema haijapimwa," akasema. "Haya, tunaipima."

Akabonyeza. Alama ya njano ikatoweka. Ilikuwa saa nane na nusu, na kwa mara ya kwanza siku ile niliketi kwa starehe. Dada akafungua ukurasa wa intaneti. Haukufunguka.

Hakukunja uso. Alianza upya kutoka mwanzo wa waya: kadi inazungumza na kompyuta, ndiyo. Kompyuta inazungumza na ruta, ndiyo. Ruta inazungumza na nje? Akaingia ndani ya ruta, akatazama mahali panapokaa jina la mteja na neno la siri. Palikuwa patupu.

Alikiweka kipanya chini. Akarudi nyuma daftarini mpaka ukurasa wa asubuhi, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akanigeuzia nisome. Ulikuwa umeandikwa: "Anasema hakugusa kitu kingine."

"Nilibonyeza kitundu cha ruta," nikasema. "Kwa pini ya mama. Jana."

Sikusikia ukali niliokuwa nauogopa. Alionekana amechoka, basi. "Mdogo wangu," akasema, "mashine hizi hazijanidanganya hata mara moja toka asubuhi. Zimenambia kila kitu. Wewe n'nakuuliza mtu na nduguye, unanificha. Ungenambia saa tatu, saa hizi mama kesha kaa kitako hapa kavaa."

Nilisema, "Nisamehe, dada. Niliogopa utanicheka." Hilo la pili nalo nililisema, maana nilikuwa nimeshaanza kusema kweli na sikuona pa kuishia.

"Ningekucheka," akasema. "Kisha tungeendelea."

Barua ya kampuni ya simu, yenye jina la mteja na neno la siri, mimi niliitupa siku tuliyounganishwa. Mama aliiokota. Alikwenda kabatini akatoa bati la halua, na ndani yake, chini ya vyeti vyetu vya kuzaliwa na risiti za miaka kumi, barua ilikuwepo, imekunjwa mara nne. Dada alinipa mimi nimsomee herufi, moja moja, na yeye akaziandika. Nilizisoma kwa uangalifu kuliko nilivyopata kusoma kitu chochote. Taa ya mwisho kwenye ruta ikawaka, na ukurasa ukafunguka. Ilikuwa saa kumi kasorobo.

Mama alikwenda kuvaa. Alirudi na khanga mpya na wanja, akaketi mbele ya kamera wima kabisa, mikono mapajani. Dada akasogeza taa, akashusha kamera kidogo, akasogeza taa tena. Saa kumi na dakika chache kompyuta ikaita.

Picha ya kwanza ilikuwa ya yule binti, anacheka, nyuma yake ukuta wa kijani wa duka la intaneti. Kisha alisogea, na mahali pake akaja mama mkubwa. Tulimwona sekunde mbili, uso mzima, mwembamba kuliko wa kwenye picha zetu, jicho linatafuta. Kisha akainama. Alisogea mbele, akasogea tena, mpaka uso wake ukawa karibu kukigusa kile kioo cha kule. Kamera yao ilikuwa imewekwa juu, na yeye alikuwa chini yake. Kwetu ulionekana utosi tu: khanga iliyoteleza nyuma, mstari wa nywele nyeupe, na ukuta wa kijani.

"Dada," mama akaita. "Unaniona?"

Utosi ulitikisika. Sauti ikaja, ile ya kwenye kanda, isipokuwa imekonda.

"Mbona hukunambia kama unavaa miwani?"

Mama alipeleka mkono usoni. Miwani alikuwa ameanza kuivaa mwaka uliopita, na kwenye simu hakuna aliyepata kuitaja.

"Na shavu lako limeingia ndani," sauti ikaendelea. "Lile kovu la kisu cha nazi bado lipo. Hebu geuka. Huko kwengine. Ee. Umekuwa mama yetu mtupu."

Mama aligeuka kila alikoambiwa, kama mtu anayepimwa nguo. Machozi yalikuwa yanateremka na wanja, na hakuyafuta, nadhani ili asiuzibe uso. Dada yangu alikuwa amesimama pembeni. Nilimwona anatazama utosi ule na kujua tatizo liko wapi. Kwake yeye kitu kilichokaa vibaya hakiachwi. Aliinama kwenye kipaza sauti.

"Mwambieni arudi nyuma kidogo," akaanza, "ama muishushe kamera, na mama apate—"

Mama aliushika mkono wake bila kugeuka.

"Mwache hapohapo," akasema kwa sauti ya chini. "Akirudi nyuma hanioni."

Dada akaondoka mbele ya kompyuta, akaja kukaa sakafuni kando yangu. Walizungumza mpaka muda wa duka la kule ukamalizika. Mama mkubwa hakurudi nyuma hata mara moja, na mama hakumwomba. Juu ya paa kunguru walikuwa wanampigania papa, tukawasikia sote, na hakuna aliyekwenda kuwafukuza.

Jicho lile lilizimika kabla ya mwaka kwisha. Mama na mama mkubwa wote wameshatangulia mbele ya haki sasa. Dada alipostaafu alinipa madaftari yake niyahifadhi, na nilikwenda moja kwa moja kwenye Ijumaa ile. Kurasa nne, mwandiko ulionyooka: waya, kadi, chipu, sidii, majaribio kumi na moja, ruta. Pini ya mtandio imeandikwa pia, bila jina la mwenye kosa. Mstari wa mwisho una wino tofauti. Lazima aliuandika akishafika kwake. Unasema: "Kamera ya kule iko juu mno. Imeachwa ilivyo."